Maumivu Sugu na Sonona: Mwongozo Kamili kwa Muuguzi wa Zahanati, Hatua kwa Hatua

Karibu kila mwezi muuguzi mwenzangu hunipigia na swali lile lile. Mgonjwa amekuja na mgongo kwa mara ya sita, vipimo havioneshi kitu kipya, dawa za maumivu anazo, na leo amekaa tu, machozi yanamlengalenga. Nimwambieje?

Wengi wetu tunamwambia, "Mama, punguza mawazo." Anaitikia, anachukua diklofenaki zake, anaondoka. Hatumwoni tena, au anarudi baada ya miezi kadhaa akiwa amekonda.

Mimi mwenyewe nimewaambia wagonjwa maneno hayo kwa miaka. Hayasaidii kwa sababu mgonjwa anasikia jambo jingine kabisa: kwamba humwamini. Akishasikia hivyo, hata ushauri mzuri unaofuata haumwingii.

Mwongozo huu ni wa muuguzi wa zahanati au kituo cha afya ambaye hana daktari wa magonjwa ya akili karibu. Ndugu anayeuguza nyumbani anaweza kutumia hatua ya 6 hadi ya 10.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Maumivu sugu ni yale yanayodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3. Sonona ni huzuni, au kutoona raha katika chochote, kwa sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na mambo kama usingizi kuharibika, uchovu, na kujiona mtu hafai.

## Vitu vya kuandaa

- Viti viwili na mahali ambapo foleni haisikii mnachosema.
- Dakika 30 hadi 40 kwa mara ya kwanza. Siku ya kliniki ya watoto usijaribu. Mpangie siku nyingine.
- Fomu ya maswali tisa ya sonona, PHQ-9, kwa Kiswahili.
- Maswali matatu ya maumivu (yapo hatua ya 4).
- Daftari la shule la mgonjwa mwenyewe, na kalamu.
- Saa yenye mshale wa sekunde, au simu.
- Dawa zote anazotumia, zikiwemo za duka la dawa na za miti shamba. Mwambie aje nazo kwenye mfuko, maana akizitaja kwa kichwa atasahau nusu.
- Namba za simu za hospitali unakopeleka rufaa, na za ndugu mmoja ambaye mgonjwa amemchagua mwenyewe.

## Hatua ya 1: Mpokee, kisha uulize habari za jana

Kama ni mkubwa kwako, mwamkie. Kaa chini kabla hujafungua faili. Halafu, badala ya kuuliza "unaumwa wapi?", swali ambalo ameshalijibu mara sita, sema hivi:

"Pole mama. Nimesoma hapa kwamba mgongo huu una miaka miwili. Hebu nisimulie siku yako ya jana, tangu ulipoamka."

Mama mmoja muuza maandazi alinijibu: "Zamani nilikuwa nakanda kilo nne za unga alfajiri. Siku hizi nikifika nusu ya beseni mgongo unawaka, namwachia binti. Basi narudi kitandani naangalia bati." Wakati wote alikuwa anakunja pembe ya khanga, anaikunjua, anaikunja tena.

Katika maneno hayo machache mna maumivu, kazi iliyopotea, aibu mbele ya binti, na mtu anayeshinda kitandani akiangalia paa. Sikuwa nimemuuliza swali hata moja kuhusu sonona.

Andika maneno yake kama alivyoyasema. Akisema "moto unatembea mgongoni", "mdudu anatembea kichwani" au "moyo mzito", usiyasahihishe. Ukiyarudia kwa namna yake, atajua umesikia.

Onyo: usimkatize kwa dakika tatu za mwanzo. Najua foleni ilivyo, lakini ukimkatiza, kisa kizima utakipata kwa vipande katika mahudhurio manne.

Utajua umefaulu akianza kukueleza mambo ambayo hukumuuliza.

## Hatua ya 2: Tamka kwamba unamwamini

Mwambie wazi: "Mama, maumivu haya ni ya kweli. Hujifanyi, na hayapo kichwani tu."

Wapo watakaolia hapo hapo. Mpe nafasi. Usikimbilie kusema "nyamaza mama, yataisha", kwa sababu hujui kama yataisha, na yeye anajua kwamba hujui.

## Hatua ya 3: Tafuta dalili za hatari mwilini

Usiende kwenye moyo kabla hujahakikisha mwili. Mpeleke kwa tabibu au mpe rufaa siku hiyo hiyo ukikuta:

- Mkojo au haja kubwa inampita bila kujua, mkojo umekataa kutoka, au ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja.
- Mguu unazidi kuishiwa nguvu.
- Homa, jasho la usiku au kukonda pamoja na maumivu ya mgongo. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huanza hivi hivi, kimya kimya.
- Amewahi kuwa na saratani, na maumivu haya ni mapya.
- Ameanguka au amepata ajali karibuni.

Mwenye ganzi na kuchomachoma miguuni mpime sukari. Mwenye selimundu anayesema kifua kinabana au ana homa ni dharura, usimwekee miadi.

## Hatua ya 4: Pima vitu viwili, maumivu na hali ya moyo

Kwa maumivu, tumia maswali matatu ya kipimo cha PEG. Kila moja linajibiwa kwa namba 0 hadi 10, kwa wiki iliyopita:

1. Kwa wastani maumivu yalikuwa makali kiasi gani?
2. Yamekuzuia kufurahia maisha kiasi gani?
3. Yamekuzuia shughuli zako kiasi gani?

Jumlisha, gawanya kwa 3. Namba ya kwanza peke yake hudanganya. Mtu anaweza kubaki na maumivu ya 7 lakini akawa amerudi kanisani, sokoni na jikoni. Huyo amepona sehemu kubwa, na ukiuliza swali la kwanza tu hutaliona hilo.

Kwa hali ya moyo, msomee PHQ-9 kwa sauti, polepole. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 5 hadi 9 ni dalili nyepesi, 10 hadi 14 za kati, 15 hadi 19 zimezidi, 20 kwenda juu ni nzito. Kuanzia 10, mwone kama mtu mwenye sonona mpaka tabibu athibitishe au aondoe shaka.

Onyo: maumivu yenyewe huharibu usingizi, nguvu na hamu ya kula, kwa hiyo alama zinaweza kupanda hata kwa asiye na sonona. Angalia sana maswali mawili ya mwanzo, la kukosa hamu na la huzuni. Yakiwa na 0 yote mawili huku jumla ni 11, shughulikia usingizi na maumivu kwanza, kisha pima tena baada ya wiki 2.

## Hatua ya 5: Uliza kuhusu kujiua, kwa maneno yenyewe

Swali la tisa la PHQ-9 linagusa kifo. Jibu lolote zaidi ya 0 maana yake usimwachie aondoke bila kuongea naye zaidi. Hata akisema 0 huku uso unasema vingine, uliza:

"Watu wengi wenye maumivu ya muda mrefu hufika mahali wakaona heri wafe. Wewe imekufika?" Kisha: "Umewaza kujiua?" "Umepanga namna gani?" "Kitu hicho kipo nyumbani?"

Wauguzi wengi wanaruka hatua hii kwa hofu ya kumpandikizia mtu wazo. Kuuliza hakupandikizi. Mara nyingi anashusha pumzi, kwa sababu amelibeba peke yake muda mrefu.

Mgonjwa naye ana hofu yake: polisi. Tanzania bado ina kifungu cha sheria kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa; Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu kama hicho kinakiuka katiba. Mwambie mgonjwa, "Ninakuuliza ili nikutibu."

Akiwa na mpango au kitu cha kutumia, usimwache peke yake hata kwenda chooni. Mpigie ndugu aliyemchagua. Sumu ya panya, dawa za kunyunyizia mazao na akiba ya vidonge vitolewe nyumbani leo. Rufaa ni leo, na asindikizwe. Hatua nyingine zote hapa chini zinasubiri.

## Hatua ya 6: Mweleze uhusiano wa maumivu na sonona

Mimi natumia mfano wa mbwa. Nasema hivi: "Mwilini una mbwa mlinzi. Siku ulipoumia alibweka, na alifanya kazi yake. Lakini huyu mbwa amebweka miaka miwili, sasa amezoea. Hata jani likidondoka anabweka. Kubweka ni kwa kweli, unakusikia kwa kweli, ila mwizi hayupo kila mara. Huzuni na kukosa usingizi vinamfanya asitulie. Tutamtuliza kutoka pande zote mbili."

Kitaalamu, ubongo hutumia kemikali zilezile, serotonini na noradrenalini, kusawazisha hisia na pia kupunguza ujumbe wa maumivu unaopanda kupitia uti wa mgongo. Ndiyo maana sonona huongeza ukali wa maumivu, na maumivu huzidisha sonona. Ndiyo maana pia baadhi ya dawa za sonona hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu.

Umefaulu akiweza kukurudishia maelezo kwa maneno yake. Muulize: "Ukifika nyumbani utamwelezaje mzee?" Akisema "nesi kasema ni mawazo", rudia. Hujaeleweka bado.

## Hatua ya 7: Mfundishe kupima kazi kwa saa

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanakwama, na wengi wetu hatufundishi kabisa.

Angalia mtindo wake. Siku ya nafuu anafua nguo za wiki nzima, anadeki, anakwenda sokoni. Kesho yake hawezi kuinuka, na analala siku tatu. Akiinuka anakuta kazi zimelundikana, anazivamia tena. Kila mzunguko unamwachia nguvu kidogo kuliko ule wa kwanza, na unamthibitishia kwamba amekuwa mzigo.

Fanyeni hesabu pamoja kwenye daftari lake. Chagueni kazi moja. Yule mama alichagua kusimama akikanda unga.

1. Siku nzuri alisimama dakika 20 kabla maumivu hayajapanda. Siku mbaya, dakika 10. Wastani ni 15.
2. Punguza kidogo, chukua sehemu nne kati ya tano: dakika 12. Hicho ndicho kipimo chake.
3. Anaweka simu ilie baada ya dakika 12. Ikilia anaacha, hata kama haumwi. Anakaa, ananyoosha mgongo dakika tano, anarudi.
4. Siku mbaya anajaribu zile zile 12, akigawa mara mbili ikibidi.
5. Akimaliza wiki bila kulala kitandani mchana, anaongeza dakika 1 au 2.

Sababu ya kuacha kabla ya maumivu: ukiacha kwa sababu umeumia, mwili unajifunza kwamba kazi ni hatari. Ukiacha kwa sababu saa imelia, unajifunza kwamba kazi inawezekana.

Onyo: atakuja wiki ya pili na kusema, "Nilijisikia vizuri nikamaliza kilo zote nne." Usimgombeze. Fungua daftari, mwonyeshe siku iliyofuata. Aione mwenyewe.

Yule mama alianza na unga nusu kilo. Wiki ya sita alinieleza kwamba anakanda kilo mbili, kwa mapumziko, na binti amerudi shule kwa wakati.

## Hatua ya 8: Panga mambo mawili kwa wiki

Sonona humwambia mtu asubiri hamu irudi ndipo afanye jambo. Njia inayofanya kazi ni kinyume chake: anafanya kwanza, kidogo, na hamu inafuata baadaye.

Kwenye daftari aandike jambo moja la lazima na moja alilokuwa analipenda. Lazima kama kwenda kikao cha kikoba. La kupenda kama kukaa barazani na shoga yake, kusuka ukili, kumwagilia mchicha, au kuimba kwaya akiwa ameketi. Aandike siku na saa. "Nitajitahidi kutoka" si mpango. "Jumatano saa kumi jioni naenda kwa mama jirani, nakaa nusu saa" ni mpango.

Akitaja tatizo linalomkaba, deni, mume, ada ya shule, chagueni moja tu na mtafute hatua moja ndogo ya wiki hii. Zimbabwe wanafanya hivi kwenye benchi za nje ya kliniki, kazi aliyoianzisha Profesa Dixon Chibanda mwaka 2006. Wanaokaa na wagonjwa ni mabibi wa mtaani waliopewa mafunzo, na utafiti wao uliotoka 2016 ulionyesha wagonjwa waliokaa benchi walikuwa na dalili chache baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ugonjwa wenyewe wanauita kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza sana. Neno kama letu. Tofauti ni kwamba mabibi hawamwambii mtu apunguze. Wanakaa naye na kutatua tatizo moja.

## Hatua ya 9: Pumzi na usingizi

Mketishe, mkono mmoja tumboni. Avute hewa kwa pua akihesabu hadi 4, aitoe taratibu akihesabu hadi 6. Dakika 5, asubuhi na usiku. Fanya naye, usimwelekeze kwa mdomo tu. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza mapigo ya moyo na kulegeza misuli iliyokaza kulinda sehemu inayouma.

Akisikia kizunguzungu, apumue kawaida. Anavuta kwa nguvu mno. Na ajizoeze wakati maumivu ni madogo. Akisubiri yawe 9, hatakumbuka hata kuhesabu.

Kwa usingizi, muhimu kuliko yote ni kuamka saa ile ile kila siku, hata kama amelala vibaya. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa kumi jioni. Mchana asilale zaidi ya nusu saa.

## Hatua ya 10: Mwite ndugu mmoja

Kwa ridhaa ya mgonjwa. Familia hukosea kwa njia mbili: wengine wanamwita mvivu, wengine wanamnyang'anya kila kazi. Huyu wa pili anafanya kwa upendo, na bado anamwambia mgonjwa kila siku kwamba hafai.

Mpe ndugu kazi mahususi: kumkumbusha saa, kumsindikiza Jumatano, kutunza dawa. Badala ya "bado unaumwa?", aulize "leo umefanya dakika ngapi?"

Wakienda kwenye maombi au kisomo, usipinge. Watu wanapata nguvu pale, na wanapata wenzao. Sema tu: "Nendeni, na dawa ziendelee." Kisha uulize waziwazi kama kuna mtu amemwambia aache za sukari, presha au ARV.

## Hatua ya 11: Simamia dawa kwa macho mawili

Kuandika dawa ni kazi ya tabibu. Kugundua hatari ni yako.

- Amitriptilini (dawa ya sonona ambayo pia hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu): inywewe usiku, inaleta usingizi. Kinywa kukauka, choo kigumu na kizunguzungu akiinuka ghafla ni kawaida, mwambie mapema la sivyo ataacha. Ikinywewa nyingi kwa pamoja huua kwa kuvuruga moyo. Mwenye mawazo ya kujiua apewe ya wiki moja tu, na itunzwe na ndugu.
- Fluoksetini (dawa nyingine ya sonona) pamoja na dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni: hatari ya kutokwa damu tumboni huongezeka. Uliza kuhusu vidonda vya tumbo na choo cheusi.
- Tramadoli (dawa kali ya maumivu) pamoja na mojawapo ya dawa za sonona: huweza kuleta degedege, au hali ya kutetemeka, jasho na kuchanganyikiwa. Mrudishe kwa tabibu kabla hajameza.
- Diklofenaki ya miezi na miezi: huharibu figo, hupandisha presha na kutoboa tumbo.

Dawa za sonona huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kuonyesha kazi, na madhara madogo huja kabla ya nafuu. Hapo ndipo wengi wanaacha. Akipata nafuu aendelee miezi 9 hadi 12, na asikatishe ghafla.

## Hatua ya 12: Fuatilia kwa tarehe

Wiki ya 1 mpigie simu. Wiki ya 2, ya 4 na ya 8 aje na daftari. Pima PEG na PHQ-9 wiki ya 4 na ya 8, na uandike namba mpya kando ya zile za kwanza ili azione.

PEG ikishuka kwa karibu theluthi moja, ni nafuu ya maana. PHQ-9 ikishuka kwa nusu, matibabu yanafanya kazi; ikiwa chini ya 5, sonona imetulia. Baada ya wiki 4 hadi 6 bila mabadiliko, au alama zikipanda, mpe rufaa hospitali ya wilaya au ya mkoa, na kwenye barua uandike namba zote na dawa zote. Barua yenye "maumivu ya mgongo, msongo" humfanya aanze upya mbele ya mtu mgeni.

Siku ya nafuu, kabla hajaondoka, fungueni ukurasa wa mwisho wa daftari. Aandike dalili zake mbili za kwanza za kurudi nyuma. Yule mama aliandika: "Nikianza kuangalia bati. Nikianza kukataa kwenda kikoba." Chini yake aliandika namba ya binti, kisha ya zahanati, akalikunja daftari kwenye khanga.